Tamko na Gharama Yake: Kampuni, Kanisa na Afrika Kusini, 1970–1987

Siku hizi jambo zito linapoipata dunia, hatungoji muda mrefu kabla ya kuona matamko. Vita vinapoanza, ugonjwa unapoenea, watu wanapouawa na askari wa nchi yao wenyewe, kampuni hutoa salamu za pole, hubadilisha rangi za nembo zao na kutangaza kwamba zipo pamoja na walioumizwa. Wakristo walio katika biashara, kuanzia mwenye duka la rejareja hadi meneja wa benki, hujiuliza: je, nasi inatupasa kusema? Tukinyamaza, tutahesabiwa kuwa hatujali? Tukisema, je, si unafiki wa kutafuta wateja kwa machozi ya wengine?

Maswali haya hayakuanza na simu za mkononi. Insha hii inafuata historia moja tu: namna kampuni za Marekani zilivyolikabili suala la ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini kati ya mwaka 1970 na 1987. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, miaka iliyopita inatosha kutuonyesha mwisho wa maneno yaliyotamkwa wakati ule. Pili, katikati ya miaka hiyo Walutheri nao walitoa tamko lao, na walilitolea hapa kwetu, Dar es Salaam.

Kitabu chenye picha

Wazee wa Kenya wanalifahamu vizuri neno kipande. Ndicho kibali ambacho serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kukibeba, kikiwa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Afrika Kusini nayo ilikuwa na kipande chake, na ukali wake uliendelea hata baada ya nchi zetu kupata uhuru. Mwaka 1952 serikali ya Makaburu ilitunga sheria ambayo jina lake lilidai kufuta pasi. Kwa kweli ilikusanya hati zote katika kitabu kimoja, chenye picha ya mwenyewe, namba yake na saini ya mwajiri wake. Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kuwa nacho popote aendapo. Aliyekutwa mjini bila kitabu hicho, au chenye saini iliyopitwa na wakati, alikamatwa. Baba aliweza kutoka nyumbani kununua mkate, asirudi.

Tarehe 21 Machi 1960 watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Sharpeville kuipinga sheria hiyo. Polisi walifyatua risasi, na kwa hesabu iliyotangazwa walikufa watu 69. Dunia ilishtuka na mataifa yakalaani. Lakini kitabu hakikufutwa. Kiliendelea kuchapishwa, na kila kitabu kilihitaji picha.

Kamera ya dakika moja

Kampuni ya Polaroid, yenye makao yake Cambridge, Massachusetts, ilijulikana duniani kwa kamera iliyotoa picha papo hapo, bila kuipeleka filamu kusafishwa. Ilikuwa pia na mtambo wa kutengeneza vitambulisho kwa muda mfupi. Ndani ya Marekani ilisifiwa kuwa kampuni yenye fikra njema, iliyowaajiri watu weusi wakati wengine wakisita.

Oktoba 1970 wafanyakazi wake wawili weusi, Caroline Hunter, mkemia, na Ken Williams, mpiga picha, waliona kazini kielelezo cha kitambulisho cha idara ya madini ya Afrika Kusini. Wakafuatilia, wakagundua kwamba bidhaa walizosaidia kuzitengeneza zilitumika katika mfumo wa vipande. Walisambaza vikaratasi vilivyosema kwamba Polaroid inawafunga watu weusi kwa sekunde sitini. Walidai mambo matatu: kampuni iondoke Afrika Kusini, iulaani ubaguzi hadharani, na faida iliyopatikana kule ipewe harakati za ukombozi. Waliwaomba watu wasinunue bidhaa zake hadi itakapotii.

Kampuni haikunyamaza. Ilituma Afrika Kusini wafanyakazi wanne, wawili weusi na wawili weupe, wakachunguze. Januari 1971 ilichapisha matangazo ya ukurasa mzima katika magazeti ya Marekani. Ilisema inauchukia ubaguzi wa rangi. Ilisema haitaiuzia tena serikali ya Afrika Kusini moja kwa moja. Haitaondoka, bali itafanya jaribio: wakala wake wa Johannesburg, Frank & Hirsch, ataboresha mishahara ya wafanyakazi weusi na kuwafundisha kazi za juu, na sehemu ya faida itasaidia elimu ya watoto weusi.

Tuseme kweli: tamko hilo halikuwa tupu. Mishahara kwa wakala yule ilipanda na fedha za elimu zilitolewa. Mtu aliyeongezewa mshahara akaweza kulipa ada ya mwanawe hawezi kuambiwa kwamba hakupata kitu. Hata hivyo, Williams aliacha kazi na Hunter akafukuzwa mwaka uleule wa 1971. Kampuni iliyotangaza magazetini kwamba inachukia ubaguzi ilimwondoa aliyeifumbua macho.

Kisha ikaja Novemba 1977. Gazeti la Boston Globe liliandika kwamba wakala wa Johannesburg alikuwa akiendelea kuiuzia serikali kwa siri, akipeleka mizigo katika maboksi yasiyoonyesha yametoka wapi. Polaroid ilivunja uhusiano na wakala huyo na kuondoka nchini humo. Kwa karibu miaka saba, tamko lilikuwa limetangulia mbele likionekana na watu wote, na biashara ikipita mlango wa nyuma.

Sidai kwamba wakubwa wa Polaroid walikusudia udanganyifu huo. Shida ilikuwa pengine. Waliahidi jambo ambalo hawakujiwekea njia ya kulithibitisha, na kwa kuwa tamko lilipokelewa vizuri, haja ya kuthibitisha ilipungua. Tamko zuri linaweza kumlaza usingizi hata aliyelitoa.

Mchungaji ndani ya bodi

Mwaka huohuo wa 1971 kampuni ya magari ya General Motors ilimwingiza Mchungaji Leon Sullivan katika bodi yake ya wakurugenzi. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kukaa pale. Sullivan alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kibaptisti la Zion mjini Philadelphia, na alizifahamu kampuni kutoka upande wa pili wa kaunta. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, yeye na wachungaji wenzake waliwaomba waumini wasinunue bidhaa za kampuni zisizowaajiri watu weusi katika kazi za maana. Tangazo lilitolewa mimbarani, na Jumatatu akina mama waliacha mikate na keki za kampuni fulani zikae rafuni. Kampuni moja baada ya nyingine ilibadili utaratibu wake.

Mei 1971 Kanisa la Kiepiskopali la Marekani, likiwa mwanahisa, lilipeleka kwenye mkutano mkuu wa General Motors pendekezo la kuitaka kampuni iondoke Afrika Kusini. Sullivan alisimama akaliunga mkono mbele ya wanahisa, dhidi ya wakurugenzi wenzake wote. Pendekezo lilishindwa kwa kura nyingi mno.

Tarehe 1 Machi 1977 alitangaza kanuni sita, na kampuni 12 za Marekani zikazitia saini. Wafanyakazi wasitengwe kwa rangi katika kula, kupumzika na kufanya kazi. Taratibu za ajira ziwe sawa kwa wote. Kazi sawa ilipwe mshahara sawa. Watu weusi wafundishwe kazi za juu. Waongezwe katika uongozi. Na kampuni isaidie maisha yao nje ya kazi: nyumba, usafiri, shule na afya. Miaka ilivyokwenda, waliotia saini walizidi mia moja.

Wapinzani walimwambia kwamba anaipamba minyororo badala ya kuikata. Mfanyakazi angekula meza moja na mzungu saa sita mchana, jioni akapanda basi la watu weusi kurudi kwenye kitongoji alikolazimishwa kuishi, na kipande mfukoni. Hoja hiyo ilikuwa nzito, na baadhi ya kampuni zilijificha kweli nyuma ya kanuni zile. Zilipoulizwa kwa nini bado zipo kule, zilijibu: tumesaini.

Sullivan hakuziacha kanuni zake ziwe mahali pa kulala. Kadiri muda ulivyopita aliongeza masharti. Mwaka 1985 aliweka muda wa mwisho: kama ubaguzi haujaondolewa ifikapo mwisho wa Mei 1987, atazitaka kampuni zote ziondoke. Siku ikafika, Nelson Mandela yungali gerezani. Juni 1987 Sullivan alisema hadharani kwamba kanuni zake hazikutosha, na akazitaka kampuni zifunge biashara na kuondoka. Jambo hilo lilimgharimu heshima, maana lilikuwa ni kukiri kwamba kazi iliyobeba jina lake haikufika ilikotakiwa kufika.

General Motors yenyewe ilikuwa imetangaza kuondoka Oktoba 1986, Bunge la Marekani lilipokwisha kupitisha vikwazo na kulishinda katazo la Rais Reagan. Lakini hata kuondoka huko kulikuwa na maswali. Kiwanda kiliuzwa kwa mameneja waliokuwapo, magari yakaendelea kuundwa, na wafanyakazi wa Port Elizabeth wakagoma wakidai haki zao katika mabadiliko ambayo hawakushirikishwa. Kumbe hata tendo la kuondoka linaweza kuwa tamko tu, kama halikuwafikiria wanaobaki.

Dar es Salaam, Juni 1977

Kati ya kanuni za Sullivan za mwezi Machi na aibu ya Polaroid ya mwezi Novemba, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano Mkuu wake wa Sita Dar es Salaam, mwezi Juni 1977. Ulikuwa mwaka mmoja tangu watoto wa shule wa Soweto wapigwe risasi. Mkutano ulimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kukishika cheo hicho.

Hapo ndipo wajumbe walipotamka kwamba ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika ni suala la ukiri wa imani. Kwa kawaida Walutheri huweza kutofautiana katika mambo ya siasa na bado wakashiriki Meza moja ya Bwana. Lakini yapo mambo ambayo, yakiachwa, Injili yenyewe inakanushwa. Kanisa linalowagawa watu kwa rangi katika sakramenti, au linalokaa kwa raha ndani ya mfumo unaowagawa, halina tena tofauti ya mawazo na wenzake, bali limeikana imani linayoikiri. Kwa hiyo makanisa yalitakiwa kuukataa mfumo huo hadharani na bila kigugumizi.

Tukumbuke wakati huohuo kwamba tamko hili halikuelekezwa kwa Makaburu peke yao. Lilielekezwa ndani ya nyumba ya Walutheri, maana yalikuwapo makanisa ya Kilutheri ya wazungu kusini mwa Afrika. Mwaka 1984, katika mkutano wa Budapest, Fungamano lilisimamisha uanachama wa makanisa mawili kati ya hayo kwa sababu hayakuukataa ubaguzi waziwazi. Kati ya Dar es Salaam na Budapest ilipita miaka saba, na ndugu waliokuwa wakiteseka waliiona mirefu. Lakini neno lililosemwa Dar es Salaam lilikuja kudai gharama kwa waliolisema: kutengana na ndugu wenye Katekisimo moja nao.

Zakayo na Demetrio

Agano Jipya linatuonyesha wafanyabiashara wawili waliosema hadharani wakati mji umechafuka. Wa kwanza ni Demetrio, mfua fedha wa Efeso, katika Matendo 19. Injili ilipofika mjini na biashara ya sanamu ikatetereka, aliwakusanya mafundi wenzake. Alianza na kipato chao, kisha akakivika heshima ya mungu mke Artemi. Umati ulisikia habari za dini, ukapiga kelele kwa saa mbili.

Wa pili ni Zakayo, katika Luka 19. Naye alisema mbele ya watu, tena watu waliomnung'unikia. Alitaja alichokifanya kwa mkono wake mwenyewe, yaani kutoza zaidi ya haki. Alitaja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa aliyedhulumiwa. Aliyemsikia aliweza kwenda nyumbani kwake kesho yake na kumdai.

Tofauti ya watu hawa wawili inatupa kipimo ambacho historia ya Afrika Kusini inakithibitisha. Kampuni iseme kwanza juu ya kile kinachopita mikononi mwake. Polaroid haikuulizwa maoni yake juu ya dhuluma zote za dunia. Iliulizwa habari za filamu zake. Pili, neno lake liwe na kiasi na tarehe, ili mnyonge aweze kulidai. Kanuni za Sullivan zilipata nguvu zilipowekewa siku ya mwisho. Tatu, liwe na gharama kwa anayelisema, wala mzigo usiangukie mabegani mwa mfanyakazi wa chini. Neno lisilo na mambo haya matatu ni afadhali lisitolewe.

Wapo wanaopinga. Mwanauchumi Milton Friedman aliandika katika jarida la New York Times mwezi Septemba 1970, majuma machache kabla ya Hunter na Williams kuona kile kitambulisho, kwamba wajibu wa biashara kwa jamii ni kuongeza faida kwa kufuata sheria. Meneja anayetumia fedha za kampuni kwa mambo mema, alisema, anatoa sadaka kwa mfuko wa mwenzake. Onyo hilo tulisikie, maana si kila mkurugenzi amepewa na wenye hisa ruhusa ya kuwasemea juu ya kila vita. Lakini jibu hilo halimfai Mkristo aliyekuwa akiuza filamu ya kipande. Hakuombwa atoe sadaka. Aliombwa aache kuuza pingu. Luther, akifafanua amri ya saba katika Katekisimo Kubwa, aliwahesabu wezi wa sokoni na wa ofisini pamoja na wavunja milango, na akafundisha kwamba kutoiba ni pamoja na kumlinda jirani asidhurike. Sheria ya Pretoria iliiruhusu biashara ile. Amri ya saba haikuiruhusu.

Kwetu sisi

Ndugu msomaji, huenda unasema haya ni mambo ya kampuni kubwa. Lakini matukio ya dunia hufika hadi dukani kwako. Vita vya mbali hupandisha bei ya mafuta na ngano, na mwenye duka anaulizwa na jirani yake kwa nini bei imepanda. Hapo naye anatoa tamko la biashara mbele ya watu. Je, bei imepanda kwa mzigo mpya, au pia kwa ule uliokuwa stoo kabla ya vita kuanza? Ugonjwa unapoingia mjini, mwenye duka la dawa anaweza kubandika ukutani maneno ya kuwatia watu moyo. Neno lake hasa litasomwa kwenye bei ya barakoa.

Swali hili linazihusu pia taasisi zetu za Kanisa: hospitali, shule, hosteli na mashamba. Ni wepesi kutoa tamko juu ya haki kutoka meza kuu ya sinodi, huku mlinzi wa hosteli yetu akidai mshahara wa miezi mitatu. Wajumbe wa Dar es Salaam walianza na nyumba yao wenyewe, nasi hatuna njia nyingine.

Na kwa mfanyakazi aliye chini, anayeona kitu kazini ambacho wakubwa hawajakiona au hawataki kukiona: kumbuka kwamba katika historia hii hatua ya kwanza haikutoka kwenye bodi wala kwenye sinodi. Ilitoka kwa mkemia na mpiga picha waliouliza kitambulisho kile kinakwenda wapi. Iliwagharimu kazi. Ndiyo sababu, mzee wa Kanisa, mtu wa namna hiyo akija kwako na hofu yake, usimwambie tu kwamba utamwombea. Uliza pia kama ana chakula nyumbani, na nani atasimama naye kesho atakapoitwa ofisini.